Naomba ushauri: ramani ya mapango inakuwa giza mno kwa wachezaji wa simu

Habari zenu wakuu. Naendesha mchezo wa kuigiza wahusika kwenye meza ya mtandaoni, yaani programu inayotuonyesha ramani moja sote kupitia intaneti. Wachezaji wangu wako Ngamiani, Raskazone na mmoja Muheza. Nimechora ramani inayofuata Mapango ya Amboni ya Tanga: miamba ya chokaa, vichochoro vyembamba, popo juu. Kuta zote (mistari ya programu inayozuia mwanga na macho) nimeziweka, na kila mhusika ana mwenge unaotoa mwanga kamili futi 20 na hafifu futi 20 nyingine, kama kanuni za Dungeons & Dragons zinavyotaka. Mraba mmoja ni futi 5.

Shida ni hii. Kwenye kompyuta yangu kila kitu kinaonekana, lakini wanaotumia simu wanaona weusi mtupu, hata jiwe lililo mbele ya mhusika hawalioni. Nikipunguza giza la ramani nzima, wanaona mpaka chumba cha adui, na utamu wote wa pango unakwisha. Kuta nimezipitisha ukingoni kabisa mwa mwamba; nahisi ndizo zinazozuia mwanga usiguse jiwe lenyewe. Je, nizisogeze ndani ya mwamba kidogo, au ning'arishe picha kwanza kabla ya kuipakia?

Halafu huyu wa Muheza mtandao wake unasuasua. Nikibadili picha kutoka faili la PNG kwenda WebP, ambalo ni jepesi zaidi, michirizi ya miamba itabaki? Kuchezacheza kwa mwanga wa mienge nimeshakuzima, simu zilikuwa zinapata moto.

Tunacheza Jumamosi usiku, na natamani sana wauone ule ukumbi mkubwa wa pango unavyostahili kuonekana. Aliyewahi kufanya hivi anielekeze, tafadhali.