Play-Doh: Je, jina la Kay Zufall lilistahili kuwamo kwenye hataza?

Mleta mada

Mimi ni mwalimu wa chekechea, na naomba hoja hii tuijadili kwa uzito wake. Hataza (hati ya haki ya uvumbuzi) ya Play-Doh, lile donge laini la rangi ambalo watoto hulifinyanga, iliyotolewa Marekani mwaka 1965, ina majina mawili: Noah McVicker na Joseph McVicker, yaani Joe. Shemeji yake Joe, Kay Zufall, hamo. Kampuni ya familia hiyo, Kutol ya mjini Cincinnati, ilikuwa ikiuza donge laini la kusugulia masizi kwenye karatasi za ukutani, kwa kuwa nyumba nyingi zilipashwa joto kwa makaa ya mawe na karatasi zenyewe zilikuwa haziwezi kuoshwa kwa maji. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu walihamia kwenye gesi, zikaja na karatasi za plastiki zinazofutika kwa kitambaa chenye maji, na biashara ikadorora. Kay, aliyekuwa akifundisha watoto wadogo huko New Jersey, ndiye aliyewapa wanafunzi wake donge lile wakafinyanga mapambo ya Krismasi, kisha akamwita Joe aje ajionee. Hata jina la Play-Doh lilitoka kwake na kwa mumewe, Bob. Kwa nini basi asitambuliwe kuwa mvumbuzi?

Mchangiaji wa pili

Mwalimu, nakuheshimu, lakini unachanganya mambo mawili. Hataza ile inahusu mchanganyiko wenyewe, si aliyeona kwanza kwamba unaweza kuchezewa. Kama ni kugawa heshima, tuanze na mkemia Tien Liu, aliyepunguza chumvi ili vitu vilivyofinyangwa vikauke bila kupoteza rangi. Huyo mbona hukumtaja? Kay aliwaachia watoto wachezee donge lililokwisha kutengenezwa na wengine, na hapo ndipo mchango wake ulipoishia.

Mleta mada

Ndugu, sentensi yako ya mwisho imeniuma, na nitaijibu hiyo kabla ya habari za mkemia. Kay hakuwaachia watoto wachezee tu. Alikuwa amekwisha kuona kwamba udongo wa kufinyangia uliokuwa ukitumika madarasani ulikuwa mgumu mno kwa vidole vya watoto wake, ndiyo maana akatafuta kitu kingine. Sisi tunaokanda unga wa ngano kwa chumvi, mafuta na maji ya moto asubuhi kabla watoto hawajafika tunalijua jambo hilo. Mtoto wa miaka 3 akibonyeza donge kwa kidole gumba lisibonyee, halalamiki. Hulisukuma pembeni akanyamaza, na mtu asiyekaa naye kila siku atadhani hapendi kufinyanga. Kuutambua ule ukimya ni ujuzi, nao haupatikani katika maabara yoyote. Nchi nyingi huwalipa walimu wa watoto wadogo mshahara mdogo kwa sababu ya fikra hiihii uliyoiandika, kwamba kazi yetu ni kuangalia michezo.

Mchangiaji wa tatu

Sasa tumeingia kwenye mishahara. Ninachoomba ni kwamba tusimpake Joe matope ili Kay ang'ae. Baba yake, Cleo, alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1949, na kijana huyo akajikuta akibeba kampuni iliyokuwa ikididimia. Kusikiliza wito wa shemeji kuhusu mapambo ya watoto, badala ya kuupuuza, ni sifa yake. Mwaka 1956 bidhaa ilikuwa tayari ikiuzwa katika duka kubwa la Woodward & Lothrop jijini Washington, na mwaka 1965 General Mills, kampuni ya vyakula, waliinunua Rainbow Crafts, kampuni iliyoundwa kutengeneza Play-Doh, kwa dola milioni 3. Kay naye hakuishi akisubiri hataza: yeye na Bob, aliyekuwa daktari, walianzisha mwaka 1990 zahanati ya watu wasio na uwezo mjini Dover, New Jersey, na watu wa huko wanamkumbuka kwa hiyo kuliko kwa donge.

Mleta mada

Sikumpaka Joe matope, na habari za zahanati nazikubali kwa moyo wote. Hata hivyo, wema wa mtu haufuti deni analowadai wengine. Tien Liu naye aongezwe, sina kinyongo. Ila nijibiwe hili, hasa na mchangiaji wa pili: kama watoto wa Kay wasingelishika donge lile, Noah na Joe wangeombea hataza kitu gani, wakati bidhaa waliyokuwa nayo mkononi ilikuwa ya kusugulia kuta ambazo hazikuwa tena na masizi?