Kijana akiharibu gari la familia, nani alipe na alipie nini?

Swali ninalolileta lilizua ubishi mkali katika kikao cha familia yetu wakati wa Pasaka, na kwa kuwa nimekwishausikia ubishi huohuo kwa majirani zangu wa Isyesye, Mbeya, kwa wazee ninaosali nao na hata gereji, naona linastahili kujadiliwa na watu wengi zaidi. Kijana wa miaka 18 au 19, ambaye bado anaishi kwa wazazi wake na hana kipato, anapoliharibu gari la nyumbani, mzazi afanye nini? Wapo wanaosema alipe kila senti hata kama itamchukua miaka mitatu. Wapo wanaosema anyang'anywe ufunguo mpaka atakapolinunua gari lake mwenyewe. Wapo pia wanaosema kwamba hakuna aliyejifunza kuendesha bila kugonga kitu, kwa hiyo mzazi atengeneze gari na mambo yaishe. Msimamo wangu nausema mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia: sisi wazazi tumeiweka adhabu kwenye uharibifu, wakati ilipaswa kuwekwa kwenye kuficha.

Kwanza niondoe jambo ambalo kwangu halina mjadala. Aliye chini ya miaka 18 asishike usukani wa gari barabarani. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimruhusu kupata leseni ya gari, na mwenye gari anayemwachia mtu asiye na leseni aliendeshe naye anatenda kosa. Wapo wazazi, Mbeya na Iringa, wanaomtuma mtoto wa kidato cha tatu dukani na gari kwa hoja kwamba ni hapa hapa mtaani, wakati mtaani ndiko watoto wadogo wanakocheza. Bima nayo haitawasaidia, maana bima ndogo hulipa madhara aliyoyapata mtu mwingine tu, na bima kubwa kwa kawaida humtaka dereva awe na leseni halali. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Kwa hiyo ninapozungumzia vijana hapa, ninawazungumzia wale waliotimiza umri, waliojifunza kwa leseni ya daraja H, ya mwanafunzi, na kupata daraja D, ya gari dogo la binafsi, ambao kisheria wana haki ya kuendesha lakini kwa uzoefu bado ni wachanga.

Sasa nieleze kilichonifikisha kwenye msimamo huu.

Mwaka juzi, mwezi wa Aprili, mwanangu wa kiume aliyekuwa na miaka 19, na leseni aliyokuwa ameipata miezi minne kabla, aliniomba gari letu, Toyota IST, ili ampeleke mama yake mdogo Uyole jioni. Mvua ilikuwa imenyesha tangu mchana. Barabara ya kuingia kwetu ina kalavati ambalo kingo zake zimemong'onyoka, na upande wa kushoto kuna jiwe ambalo likifunikwa na maji huwezi kuliona. Wakati wa kurudi alilipanda. Alisikia mlio chini ya miguu yake, akashuka, akamulika kwa tochi ya simu, akaona bampa halina mchubuko na taa zote ni nzima. Aliingiza gari ndani, akafunga geti, akaniletea ufunguo kwa mikono miwili na kuniambia, "Shikamoo baba, tumefika salama."

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilitoka kwenda Tukuyu msibani. Kulikuwa bado giza, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa za nyumba, nami sikuinama kutazama chini ya gari. Lau ningetazama, ningeliona doa jeusi kwenye changarawe, pana kama sinia la kupepetea mchele. Sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, ilikuwa na ufa usiozidi urefu wa kidole cha mwisho, na oili ilikuwa imevuja usiku kucha, tone baada ya tone, katika injini ambayo yote kwa jumla hubeba lita zisizofika nne. Nilipita Uyole, nikapita Igawilo, na nilipoanza kuupanda mlima taa nyekundu ya oili ikawaka. Kwa kuwa gari lilikuwa limefanyiwa sevisi wiki mbili tu nyuma, nilidhani ni waya umelegea, nikaendelea polepole nikitafuta mahali papana pa kuegesha, maana nyuma yangu palikuwa na malori mawili na bega la barabara lilikuwa tope tupu. Kosa hilo ni langu na silikwepi. Dakika chache baadaye nilisikia chuma kikigonga chuma, injini ikanoki, ikazima, na haikuwaka tena.

Fundi alinipigia hesabu ambayo sijaisahau. Kuichomelea sampo na kuweka oili mpya kusingezidi shilingi 120,000. Injini ya mtumba kutoka Dar es Salaam, pamoja na usafirishaji wake, gari la kunivuta kutoka mlimani na ufundi, ilinigharimu shilingi 2,150,000. Jiwe la kwenye kalavati lilistahili zile laki moja na ishirini. Zilizobaki zote, zaidi ya milioni mbili, zilitokana na kunyamaza.

Alipoulizwa na mama yake kwa nini hakusema, maana mimi sikuweza kumuuliza kwa siku mbili, alijibu kwamba aliikumbuka siku ya dada yake. Miaka minne kabla ya hapo, binti yangu mkubwa alikuwa amekivunja kioo cha pembeni kwenye nguzo ya geti alipokuwa akirudi nyuma. Alikuja mwenyewe kuniambia, ameshika vipande vya kioo kwenye pindo la khanga yake ili mtu asivikanyage. Nilimfokea mbele ya wageni, nikamwita mzembe, nikamnyima ufunguo mwaka mzima. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni anatazama, na alichokiona ni kwamba dada yake aliumia kwa sababu alisema. Kijana wa miaka 15 huhifadhi jambo kama hilo, na siku yake inapofika hulitumia.

Hapa pana jambo la pembeni, lakini linanichoma. Binti alinyimwa gari mwaka mzima kwa kioo, na kijana aliyeua injini nilimrudishia ufunguo baada ya miezi mitatu. Binti yangu amenieleza bila kunificha kwamba nilimpima kwa kipimo kingine kwa kuwa ni msichana, na sina jibu la kujitetea. Wazazi wenzangu wa kiume tujitazame katika hili.

Katika kikao, aliyenipinga kwa nguvu zaidi ni shemeji yangu anayeishi Ipogolo, Iringa. Yeye humtoza kijana wake gharama yote ya matengenezo, na hoja yake haina udhaifu wa kuidharau: asiyeijua bei ya kitu hawezi kukitunza, na ulimwengu huko nje hautamsamehe kwa kuwa alisema ukweli. Nakubaliana naye kwamba kijana aijue bei. Ninachokipinga ni deni lisilolipika. Kijana asiye na kazi akidaiwa laki sita za bampa, taa na rangi, mara nyingi hulipiwa na mama yake kimyakimya kutoka kwenye fedha za sokoni, na baba hubaki akiamini kwamba fundisho limeingia. La pili ni baya zaidi. Kijana anayejua kwamba atatozwa yote hujifunza kutengeneza kwa siri. Humtafuta fundi rangi wa pembezoni, bampa linapakwa puti na kung'arishwa jioni moja, wakati nyuma ya bampa rejeta imesukumwa nyuma na feni inaigusa. Gari linarudi nyumbani likiwa zuri machoni, nalo ni bovu.

Kwa watu wa nyanda za juu jambo hili si la fedha tu. Sisi tunaishi kwenye miteremko. Anayetoka Iwambi kushuka Mbalizi, au anayeteremka Kitonga akiwa na familia na malori yamemzunguka mbele na nyuma, anategemea breki ambazo ni lazima ajue jana zilipatwa na nini. Tairi likipiga ukingo wa barabara kwa nguvu, rimu inaweza kupinda na paipu ya breki ikajeruhiwa bila dalili yoyote inayoonekana nje. Kwenye tambarare pengine utapata nafasi ya kusimama kwa bahati. Kwenye mteremko, breki zikishapata moto na zilikuwa na tatizo ambalo kijana alilijua na hakulisema, tunazika watu. Ndiyo maana kwangu habari ya kile kilichoguswa ina thamani kuliko fedha ya kukitengeneza.

Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu ninayemheshimu sana, anasema dawa ni moja: vijana wasipewe gari la familia kabisa. Namjibu hivi: mzee wangu, asiyejifunza kwako atajifunza kwa rafiki zake usiku. Na atakayeshika usukani kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 30 naye ni dereva mchanga, isipokuwa hatakuwa na baba pembeni wa kumwambia ashuke kwa gia nzito, aweke mkono wa gia kwenye 2 au L, na asithubutu kuweka frii eti anaokoa mafuta.

Wengine hutaja Marekani, kwamba kule watoto wa miaka 16 huendesha na hakuna anayelalamika. Wanalalamika sana, na wamejiwekea masharti ambayo wanaotoa mfano huo huyaacha njiani. Katika jimbo la California, kijana wa miaka 16 hapewi leseni mpaka awe na kibali cha kujifunzia kwa miezi sita na ameendesha saa 50 akiwa na mtu mzima pembeni, kumi kati ya hizo zikiwa za usiku. Baada ya hapo, kwa miezi 12 ya kwanza, haruhusiwi kuendesha peke yake kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri, wala kubeba vijana wenzake walio chini ya miaka 20 bila mtu mzima mwenye leseni. Mimi nimeichukua hesabu hiyo ya saa 50 na kuifanya sharti la nyumbani kwa kijana wangu wa tatu, ingawa amekwisha kutimiza miaka 18. Tunaziandika kwenye daftari, na mpaka leo amefikisha 31.

Utaratibu wetu wa sasa ni huu. Kabla ufunguo haujabadilisha mikono, mtoaji na mpokeaji hulizunguka gari pamoja kwa tochi, chini na juu, mimi nikiwemo. Aliyegusa kitu anasema kabla hajaurudisha ufunguo, na akisema, gharama atakayobeba haizidi nusu, nayo ataibeba kwa kazi: atakwenda nami gereji, atasimama na fundi mpaka kazi iishe, atakwenda dukani kuulizia bei ya kifaa na kukibeba mwenyewe. Akificha, deni lote ni lake na gari halishiki kwa miezi sita, hata kama alichokigusa ni bawaba ya geti.

Dada yangu anasema kwamba kwa kufanya hivyo nimeuwekea uzembe bei nafuu, kwamba kijana mjanja atagonga, atasema haraka, atalipa nusu na kugonga tena. Hoja yake ilinifanya niongeze sharti moja. Akigonga kwa sababu alikuwa kwenye simu, alikunywa pombe, au alipita kilomita 50 kwa saa ndani ya makazi ya watu, ufunguo unaondoka, awe amesema au hakusema. Bado sijui namna ya kuvitenganisha vizuri uzembe na uchanga, kwa mfano kwa kijana anayerudia kosa lilelile la kukadiria vibaya upana wa geti mara tatu. Mimi kwa hilo nilichukua matofali mawili na ndoo, nikampangia kiwanjani mpaka akaweza; shemeji angemtoza.

Kwa hiyo ninawauliza hasa mnaoamini katika kutoza gharama yote, na ninauliza kwa kutaka kujua. Mara ya mwisho kijana wenu alipogonga kitu, mlijuaje? Alikuja mwenyewe akawaambia, au mliliona doa chini ya gari?