Samaki wetu wa mkonge kaanguka machimboni, nimsimamisheje tena?

Mama Vinje (Tanga)

Wakuu, hamjambo. Naomba msaada wa ufundi. Pole nimeshapewa za kutosha.

Huku kwetu njia ya Amboni kuna machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa. Wachimbaji waliondoka wakaacha shimo jeupe. Ukipita saa saba mchana macho yanauma. Kikundi chetu, akina mama na vijana wa mtaa, tukapewa tulitunze. Tukapanda mivinje, tukiiga walichoanza kiwanda cha saruji cha Bamburi kule Mombasa mwaka 1971: mvinje unashika hata penye mawe matupu, majani yake yakidondoka majongoo wanayala, na pole pole udongo unapatikana. Sasa ni mwaka wa nne. Kivuli kipo, na watoto wameshahamishia mpira wao huko.

Mwaka jana tukasema tuweke na kitu cha kutazamwa. Tukachagua sanamu ya silikanti, yule samaki wa kale wa vilindini, samaki wetu, maana hata hifadhi ya bahari ya hapa Tanga, tangu 2009, imebeba jina lake. Mita nne kutoka kichwa hadi mkia. Mifupa ni milingoti ya mkonge uliokwisha kutoa maua, tuliomba shambani bure. Kamba za mkonge tulisokota wenyewe. Magamba ni madigadi ya baiskeli mbovu (Tanga hii, ukose baiskeli mbovu?) na yale madoa meupe tukaweka kandambili za kuokota ufukweni.

Masika yalipokwisha, samaki akalala ubavu. Nilichomoa mlingoti mmoja wa pezi ukanivunjikia mkononi: ganda la nje zima kabisa, lile sponji la ndani mchwa wameligeuza unga. Kamba zimelegea. Na magamba yote ya upande wa barabarani hayapo, yameng'olewa. Vyuma chakavu vinapimwa kwa kilo, sote tunajua.

Oili chafu itazuia mchwa? Au nimwage zege? Zege silitaki, ila nauliza.

Fundi wa Vyombo (Bagamoyo)

Mwanangu, nguzo mlizifukia ardhini. Usinijibu, najua mlizifukia.

Mlingoti wa mkonge si mti, ni kikonyo cha ua. Ufanye ubavu, usiufanye mguu. Nenda wanakopaki mashua, utafute iliyokufa. Mkuku wake ndio uti wa mgongo wa samaki wako, na mataruma, yaani mbavu za mashua, yameshapindwa na fundi mwingine zamani, kazi nusu umemaliza. Mkalishe juu ya mawe, mbao zisiguse udongo. Mchwa akitaka kupanda itabidi ajenge kinjia chake cha udongo juu ya jiwe, utakiona, utakikwangua kwa kisu. Kila wiki mtu mmoja azunguke aangalie, basi.

Oili chafu usithubutu. Mmehangaika miaka minne kutafuta udongo, leo muumwagie sumu? Paka sifa, mafuta ya papa, kama tunavyopaka vyombo. Itanuka wiki mbili, na paka wa mtaa mzima watakuja kuuliza samaki yuko wapi. Kamba tumia ya makumbi ya nazi. Mitepe, majahazi ya zamani yasiyo na misumari, ilishonwa kwa hiyo ikakata bahari. Mkonge ukiloa unajikaza, ukikauka unalegea, ndiyo yaliyokukuta.

Na vijana wasiende kukata mikoko kwa ajili ya nguzo. Bila kibali ni kesi.

Msema Kweli

Mimi naona samaki wenyewe hawahitajiki. Finland, msanii Agnes Denes alichukua eneo la machimbo ya kokoto, na kati ya 1992 na 1996 watu 11,000 wakapanda misonobari 11,000 juu ya kilima alichokichora yeye. Miti ndiyo sanaa. Mivinje mnayo tayari, mnatafuta nini tena?

Mama Vinje

Kaka, asante, nimeipenda hiyo. Lakini mjukuu wangu ana miaka sita. Ukimwambia mvinje ni sanaa atakuitikia kwa adabu, kisha atapanda juu ya samaki.

Binti wa Pangani

Dada, tatizo ni kandambili hizo. Jua likizipiga zinakuwa ngumu, zinakatikakatika, na mvua inateremsha vipande hadi baharini. Mtakuwa mmezirudisha mlikoziokota, tena ndogo kuliko mwanzo, hata kuziokota huwezi.

Magamba weka vifuu. Vitoboe matundu mawili, vishone kuanzia mkiani kwenda kichwani ili kila kimoja kilalie mwenzake na maji yateremke. Madoa meupe paka chokaa, si mnaikalia? Ikifutika na mvua watoto wanapaka tena. Na kifuu hakuna atakayekiiba akauze kwa kilo, labda mtu amekosa mkaa.

Mama Vinje

Hilo la mkaa usilitaje kwa sauti, kuna jirani yangu.

Fundi, shikamoo. Leo asubuhi nimepata mashua. Ubavu wa kushoto umeoza, ila mkuku bado mzima, nimegonga kwa nyundo unalia vizuri. Mwenyewe alitaka elfu hamsini. Nilipomwambia ni ya samaki wa watoto akashuka hadi thelathini, na sharti: jina la mashua lililoandikwa ubavuni tusilifute. Kwa hiyo silikanti wetu atakuwa anaitwa "Subira". Jumamosi vijana wanambeba kwa mkokoteni.

Swali la mwisho: sifa nitaijuaje kama ni ya kweli? Nimeambiwa wengine wanachanganya na mafuta ya kupikia.

Fundi wa Vyombo

Marahaba. Chovya kidole, nusa. Ukitamani chipsi, umeibiwa.