Tunakataaje jambo jema? Baraza letu limelemewa

Katibu wa Baraza:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mwanzoni mwa mwaka wazee wetu tulifunga na kuomba, tukakubaliana jambo moja: kila familia ya kanisa itembelewe nyumbani. Kisha barua zikaanza kuja. Redio inatupa nusu saa bure kila wiki. Kanisa jirani linataka tuandae nao kongamano la vijana. Mzee mwenzetu ametoa chumba tuanzishe shule ya awali. Hakuna baya hata moja! Kikao kilichopita kilikuwa na ajenda 14. Kutembelea familia ilikuwa ya 13, na nimeandika "imeahirishwa" kwa mara ya tatu. Wiki hiyohiyo nikakutana na mama aliyelazwa wiki tatu bila mzee yeyote kujua. Nitawaambiaje wenzangu tukatae, nisionekane napinga kazi ya Mungu?

Kijana wa kwaya:
Wasomee Nehemia 6. Aliitwa mara 4 aache ujenzi wa ukuta, hakushuka.

Mchungaji mstaafu:
Mwanangu, Nehemia alikuwa anaitwa na adui. Katibu anaitwa na marafiki, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mimi ningefungua Matendo 6. Wajane walikuwa wanasahauliwa kweli, na mitume hawakudharau haja yao. Walitaka wachaguliwe watu 7 wa kuishughulikia, wao wakabaki na maombi na neno. Je, hiyo redio ina mtu wa kuibeba asiye mzee wa baraza? Kama yupo, mpeni kazi pamoja na mamlaka yake. Kama hayupo, shukuruni mkatae.

Mama Mhazina:
Kwetu anayeleta jambo jipya hutaja pia kazi itakayosimama ili hilo lifanyike. Mara nyingi hulirudisha mwenyewe mfukoni. Halafu katibu, hiyo ajenda ya 13 ipeleke juu, mara tu baada ya sala, watu wangali na nguvu. Na mkishaamua kukataa, msijibu "tunaliombea". Mnawachelewesha wenzenu kutafuta wengine.

Katibu wa Baraza:
Asanteni sana. Hilo la "tunaliombea" limenigusa, nimeshaliandika mara nyingi mno. Rasimu ya barua ya redio iko tayari kwa kikao, na ziara za familia ni ajenda ya kwanza. Shule ya awali ndiyo inayoniumiza. Aliyetoa chumba nitamwendea nyumbani kwake kwanza, asije akasikia kikaoni.