Mrejesho: Mapato na matumizi ya kijiji yamesomwa, nusu

Wakuu, niliwauliza kama mwananchi wa kawaida anaweza kudai mapato na matumizi ya kijiji yasomwe. Mkanijibu mkutano mkuu ni kila baada ya miezi 3, na mkazi yeyote wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Nikaenda kwa mtendaji wetu, huku ng'ambo ya Busisi. "Nani amekutuma?" Nimejituma, nikamwambia. Wiki iliyofuata tangazo likabandikwa ubaoni, juu ya lile la chanjo ya mbwa lililokwisha kupauka kwa jua.

Jumamosi tumekaa chini ya mwembe mpaka saa 8 mchana, na sangara wangu kwenye ndoo ndiyo wakaharibikia hapo. Ushuru wa mwalo, pale samaki wanaposhushwa, umesomwa. Wa mnada, eti kitabu kiko wilayani. Tumempa mtendaji siku 14 akilete.