Miaka 8 nauza picha mtandaoni: picha zinaongezeka, pesa inapungua. Nimechoka!

Wakuu, salaam.

Hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu, leo nalitoa. Nipo Mtwara mjini, nina kistudio cha picha za paspoti na harusi, na tangu 2017 nauza picha kwenye zile maktaba za mtandaoni ambako wateja wa nje wananunua leseni ya kuzitumia. Kampuni sitaitaja. Naomba tu msome hadi mwisho kabla hamjaniambia nikazane.

Naanza na hesabu, maana vijana wengi huku wanaingizwa mjini na wauza kozi. Mwaka 2017 nilipata dola 41 kwa mwaka mzima. 2018 dola 160. 2019 dola 388, nikiwa na picha kama 1,900. Hapo nikaamini, nikakopa kwenye kikoba nikanunua lenzi. 2021 dola 190. 2023 dola 97. Mwaka jana dola 61, na picha zimeshafika 3,400! Mzigo umekaribia mara mbili, pesa haifiki hata moja ya sita ya ile ya 2019. Bando la kupakia hizo picha nanunua mwenyewe.

Kilichotokea ni hiki. Zamani bei yako ilipanda kwa jumla ya ulichovuna tangu uanze. Mgeni alikuwa analipwa senti 25 kwa kila picha inayopakuliwa na mteja wa kifurushi cha mwezi. Ukifikisha dola 500 ulikuwa unapanda hadi senti 33, na ukishapanda hushuki. Mimi nilifika Oktoba 2019, baada ya karibu miaka mitatu ya kuamka saa 10 alfajiri kuwahi mwanga Mikindani na Msangamkuu. Juni 2020, harusi zimekufa kwa sababu ya korona, studio haina mtu, wakabadilisha kila kitu. Mrabaha, yaani fungu lako kwa kila picha inayouzwa, ukawa wa asilimia, kuanzia 15 hadi 40, kutegemea umeuza picha ngapi mwaka huo. Ikifika tarehe 1 Januari wote mnarudishwa 15. Umeuza miaka kumi, umeanza jana, wote 15. Siku ile ya kwanza nilifungua akaunti nikakuta picha tatu zimeuzwa, kila moja senti 10. Kwa kiwango cha dola cha wakati ule ni kama shilingi 230. Niliitazama ile namba hadi simu ikazima.

Moja kati ya zile tatu ni picha ya mikono ya mama mdogo wangu wa Nanyamba anabangua korosho. Waliowahi kukaa karibu na jiko la korosho wanajua ile kazi. Zinakaangwa kwenye bati lililotobolewa, mafuta ya ganda yanaruka na kushika moto, moshi unachoma macho, kisha zinamwagwa kwenye mchanga na zinagongwa moja moja. Yeye anajipaka majivu mikononi na bado ngozi inababuka, vidole vinakuwa vyeusi wiki nzima. Mimi nililala chini tumboni karibu saa nzima kupata pigo moja ambalo ganda limepasuka na kiini bado kizima. Nikamsomea fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, maana imeandikwa Kiingereza, akaweka dole gumba. Ile picha imenunuliwa zaidi ya mara 140.

Mwaka jana nimeenda kumsalimia, akaniuliza: "Mwanangu, ile mikono yangu bado inauzwa huko Ulaya?" Nikamjibu, "Bado, mama." "Wanatoa shilingi ngapi?" Nilishindwa kumtajia. Nilimwachia elfu kumi ya sukari nikaondoka.

Sisi watu wa kusini tunalo jina la biashara ya namna hii: kangomba. Mtu anakufuata nyumbani msimu haujaanza, anajua una shida, anapima kwa kopo lake, anakupa bei yake. Kangomba imepigwa marufuku, watu wanakamatwa. Mwaka 2018 wakulima wa korosho walikataa bei ya mnadani, Rais Magufuli akaagiza korosho zote zinunuliwe shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaenda kuzisomba. Ndiyo, kuna waliosota kusubiri malipo, nayajua hayo vizuri. Lakini mkulima alikuwa na ghala lake, akasema sitoi mzigo, na nchi nzima ikamsikia. Mimi ghala langu liko kwenye kompyuta za Marekani. Nani anasikia nikigoma?

Na msidanganyike na ile kauli ya "picha ni mkorosho, unapanda mara moja wanavuna hadi wajukuu". Hawa wauza kozi waache! Picha ni ufuta. Usipolima mwaka huu, mwakani huna kitu. Mteja akitafuta, zinatangulia mpya na zile zinazouzwa sana. Yako inasukumwa chini kila siku na mamilioni ya wengine. Picha yangu ya feri ya Msangamkuu iliuzwa mara 22 mwaka wa kwanza. Mwaka jana mara moja.

Juu ya hapo kuna wanaogawa bure. Unsplash ipo tangu 2013, mtu anachukua picha halipi hata senti. Na sasa akili mnemba. Desemba 2022 maktaba ya picha ya Adobe Stock walitangaza rasmi kwamba wanapokea picha zilizotengenezwa kwa akili mnemba, mradi zimewekewa alama. Wiki iliyopita nimetafuta korosho kwenye maktaba moja nikaona mwanamke amekaa chini ya mti, mikono misafi kama ya bi harusi, na korosho zimeota JUU ya bibo (lile tunda la mkorosho), upande wa kikonyo! Mtoto wa darasa la pili wa Tandahimba anajua korosho inaning'inia chini ya bibo. Picha hiyo imewekwa ukurasa wa kwanza. Ya mama mdogo nimeikuta ukurasa wa 9.

Malipo nayo ni safari nyingine. Njia niliyokuwa natumia, akaunti ya Tanzania inaruhusu kutuma tu, kupokea hairuhusu, kwa hiyo pesa inapitia kwa binamu yangu Mombasa. Mnunuzi akiwa Marekani inakatwa kodi ya asilimia 30 kabla haijatoka, kwa sababu Tanzania haina mkataba wa kodi na nchi hiyo. Ukitoa makato ya kutuma, ile senti 10 sijui niiite nini.

Nimewaandikia kampuni mara nne. Nimejibiwa mara moja, barua ya kunakili inayonishauri niongeze kupakia.

Jana usiku nimeifuta ya mama mdogo. Hizo nyingine nafuta taratibu, kwanza zile zenye sura za watu walionisainia kwa kuniamini.

Sasa naomba wenye uzoefu mnisaidie mambo mawili. Leseni zilizouzwa kabla sijafuta zinaendelea kutumika, hilo nalijua. Je, kuna aliyefanikiwa kuzuia picha zake zisiendelee kufundishia akili mnemba baada ya kuzitoa? Na wenye viwanda vya kubangua na vyama vya ushirika hapa Mtwara na Lindi, nimeona vifungashio vyenu vina picha za korosho za Vietnam. Mimi ninazo za Nanyamba, Newala na Masasi, kuanzia ua hadi kiini. Njooni inboksi tupatane bei, na fungu la mama mdogo litakuwemo kwenye karatasi.