Mbwa wetu anaiba mboga jikoni, nifanyeje?

mama_wawili: Habarini wapendwa, naombeni msaada jamani, tuna mbwa wa miaka 2 tunampenda sana ila jana usiku nimegeuka tu kuchukua chumvi nakuta kaangusha sufuria kala rosti yote ya samaki, watoto wamekula ugali na mchicha. Kumpiga sitaki.

jirani_mwema: Pole dada. Usimpige, atakuogopa tu. Akishafanikiwa mara moja lazima arudi palepale, funga mlango wa jiko, na umlishe kabla hujaanza kupika.

mfugaji_moro: Mcheki na minyoo, inaweza kumfanya awe na njaa muda wote. Ila mimi kinachonitisha ni vitunguu, vitunguu maji na saumu ni sumu kwa mbwa vinaharibu chembe nyekundu za damu, na dalili zinaweza kuchelewa siku kadhaa, kwa hiyo usiseme mbona yuko poa. Mifupa iliyopikwa nayo inapasuka vipande vyenye ncha inaweza kutoboa utumbo.

mama_wawili: Mungu wangu rosti ilikuwa na vitunguu 3!! Nampigia daktari wa mifugo sasa hivi